"Uvimbe" na "Sumu" katika Maandishi ya Afya

Maandishi ya Kiswahili yahusuyo kisukari, shinikizo la damu na unene wa watu wazima yameongezeka, na wafasiri wake wamelazimika kutafuta majina ya mambo yasiyozoeleka. Mawili kati ya majina waliyoyapendelea, kwa maoni yetu, hayafai.

La kwanza ni "uvimbe". Hutumiwa kutaja jinsi mwili unavyopambana na jeraha au vijidudu: mahali hapo hupata wekundu na joto, huvimba na kuuma. Kwa jipu, neno latosha. Lakini wataalamu wasemapo kuwa mafuta yazungukayo matumbo huchochea hali hiyo mwilini mwote kwa miaka mingi, hakuna kinachovimba wala kuuma. Hupimwa katika damu tu. Isitoshe, hospitalini "uvimbe" ni donge, na alisikiaye huwaza saratani. Mama wa Kahama akiambiwa ana uvimbe atauliza atapasuliwa lini, hataulizia chakula chake. Lugha imekwisha kujaribu njia nyingine: homa ya ini, homa ya mapafu, homa ya uti wa mgongo. Nayo ina kasoro, maana homa ya ini yaweza kukaa miaka bila mgonjwa kupata homa. Tungependelea "mchochota", na kwa hali ile iliyojificha, "mchochota wa chinichini". Halijakamilika, kwani asili yake ni maumivu ya kuchoma. Lakini halimtumi mtu kupapasa mwili akitafuta donge.

La pili ni "viondoa sumu", kwa vitu kama vitamini C, vitamini E na karotini ya viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Hapa kosa ni kubwa zaidi. Kazi ya vitu hivyo ni kuzuia uoksidishaji unaodhuru chembe za mwili. Na katika ukanda wa dhahabu, toka Geita hadi Buzwagi, ambako mgodi mkubwa ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kufungwa 2021, sumu si tamathali ya usemi. Ni zebaki ambayo mchimbaji mdogo huichanganya na mchanga wenye dhahabu kisha huichoma. Ni sianidi ya kuchenjulia. Mchimbaji asomaye kwamba machungwa yana viondoa sumu ana haki ya kudhani yatamkinga na moshi wa zebaki. Hayatamkinga. Wala vidonge vyake si heri daima: utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kuwa wavuta sigara waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wasiopewa. "Vizuia uoksidishaji" ni jina refu, naam, lakini hata "kiuavijasumu" ni refu, nalo linafundishwa (ingawa nalo limebeba sumu tumboni!).

Limebaki "sindromu ya umetaboli", ambayo wengine huiita "ugonjwa wa umetaboli". Si ugonjwa mmoja, bali ni kukutana kwa hali tatu au zaidi kati ya tano: kiuno kipana, shinikizo la damu lililopanda, sukari iliyozidi, mafuta ya trigliseridi yaliyozidi, na upungufu wa kolesteroli ile iitwayo nzuri. Tulipounda UKIMWI tuliliacha neno "sindromu" bila hasara. Hapa haliachiki, kwa kuwa kule kukutana ndiko maana yenyewe.