Zamu katika Ngumi za Ichiban

Mtunzi aiachaye bahari aliyoizoea hana budi kuulizwa: je, maudhui ndiyo yaliyomlazimisha, au amechoka tu? Swali hilo lawahusu pia watunzi wa Yakuza, mfululizo wa michezo ya video wa kampuni ya Sega, ulioanza Japani mwaka 2005. Kwa miaka mingi shujaa wake mkuu, Kiryu, alipigana aghalabu peke yake, kwa kasi ya vidole vya mchezaji. Mwaka 2020, katika Yakuza: Like a Dragon, ngumi zikawekewa zamu: huyu apige, kisha yule ajibu, mithili ya washairi wanaojibizana.

Badiliko hilo lina hoja. Shujaa mpya, Ichiban Kasuga, aliupenda tangu utotoni mchezo wa Dragon Quest, ambao vita vyake ni vya zamu. Ni macho yake yanayowageuza wahuni wa Yokohama kuwa viumbe vya ajabu. Tena ana wenzake, na zamu humpa kila mmoja nafasi ya kutoa lake.

Kasoro ilikuwapo. Mchezaji hakuweza kuwapanga wapiganaji wake uwanjani, hivyo pigo la kuwaenea maadui wengi lilitegemea bahati. Infinite Wealth ya mwaka 2024 iliziba pengo hilo, ikaongeza jambo zuri zaidi: Kiryu, anayeugua saratani, huivunja zamu kwa muda mfupi akapigana kama zamani. Hapo kanuni imekuwa tabia ya mhusika. Kumbe bahari ya kale haikutupwa, bali ilipewa mahali pake. Badiliko lilistahili.