Edward Murrow na Kazi Yake

Msomaji, ukiuliza habari za waandishi na watangazaji wa siasa wa Marekani, jina utakalotajiwa mapema ni la Edward R. Murrow. Utaambiwa kuwa usiku wa tarehe 9 Machi 1954 alimwangusha Seneta Joseph McCarthy kwa kipindi cha nusu saa cha televisheni. Habari hiyo ina kweli ndani yake, lakini si kweli yote. Na kwa maoni yangu inamsifu Murrow kwa kazi isiyokuwa bora kupita zote alizofanya.

Alizaliwa mwaka 1908 katika jimbo la North Carolina, akakulia Washington, upande wa magharibi, na katika ujana wake alifanya kazi katika kambi za wakata miti. Chuoni alisomea usemaji. Ungetazamia basi kuwa mtu wa namna hii atapenda kusema sana. Sikiliza alivyofanya London, alikopelekwa na shirika la CBS mwaka 1937. Usiku wa tarehe 24 Agosti 1940, ving'ora vya hatari vilipokuwa vikilia, alisimama nje karibu na uwanja wa Trafalgar, akaiteremsha maikrofoni mpaka karibu na ardhi. Wamarekani, ambao vita vilikuwa bado havijawafikia, wakasikia nyayo za watu wakienda mahali pa kujificha, wala hawakimbii. Mtangazaji mwingine angalitangaza kwamba watu wa London ni mashujaa. Murrow alizipa nyayo nafasi ya kusema.

Ustadi huo aliuchukua hadi kwenye televisheni, katika kipindi cha See It Now, alichokianza mwaka 1951 pamoja na Fred Friendly. Tarehe 20 Oktoba 1953 walionyesha habari za Milo Radulovich, luteni wa akiba wa jeshi la anga, aliyekuwa akitakiwa kuondolewa jeshini. Yeye mwenyewe hakutiliwa shaka kwa neno lo lote. Ila baba yake na dada yake walidhaniwa kuupenda ukomunisti. Ushahidi ulikuwa ndani ya bahasha iliyofungwa, ambayo wakili wake hakuruhusiwa kuifungua. Murrow angaliweza kuhutubu nusu saa nzima juu ya haki. Badala yake alimweka mbele ya watazamaji yule baba mzee, mhamiaji kutoka Serbia, naye akasoma kwa Kiingereza chake kizito barua aliyomwandikia Rais kumwombea mwanawe haki. Kabla mwaka haujaisha, serikali ilimrudishia luteni yule heshima yake.

Sasa ile kazi yenye sifa. McCarthy alianza kuwatuhumu watu ukomunisti, mara nyingi bila ushahidi, mwezi wa Februari 1950. Waandishi wa magazeti kama Drew Pearson walimkabili mapema, wakapata taabu. Murrow alikawia miaka minne. Na CBS ilipowataka wafanyakazi wake waandike kuwa wao si wakomunisti, naye alitia sahihi. Tena kipindi chenyewe kilikuwa na ila. Kilitengenezwa kwa picha za McCarthy mwenyewe akisema, akicheka, akipapasa maneno. Lakini picha hizo zilichaguliwa na mtu aliyekwisha kata hukumu. Kwa haki yake Murrow, nitaje kuwa alimpa McCarthy nafasi ya kujibu, ambayo aliitumia tarehe 6 Aprili. Na tangazo la kipindi gazetini yeye na Friendly walililipia kwa fedha zao, maana CBS haikutaka kulilipia. Ujasiri ulikuwapo. Ila uchunguzi wa Seneti juu ya ugomvi wa McCarthy na jeshi ulimdhuru zaidi, na Seneti yenyewe ndiyo iliyomlaumu mwishoni mwa mwaka huo, kwa kura 67 dhidi ya 22.

Liko jambo jingine ambalo wanaomsifu hulipita upesi. Tarehe 25 Novemba 1960, siku ya pili ya sikukuu ya Wamarekani ya kutoa shukrani, Murrow alionyesha filamu iitwayo Harvest of Shame, juu ya vibarua wanaohama shamba hata shamba wakivuna vyakula vya wengine kwa ujira haba. Miezi michache baadaye Rais Kennedy alimfanya mkuu wa idara ya kueneza habari za Marekani katika nchi za nje. BBC ilipokusudia kuionyesha filamu ile Uingereza, Murrow aliiomba isiionyeshe! BBC haikukubali, na ombi lile likajulikana.

Wako wanaomtetea kwamba wadhifa wake mpya ulimtaka kuilinda sura ya nchi. Utetezi huo haunitoshi. Vibarua wale walimwamini, wakamfungulia vibanda vyao na kumwonyesha watoto wao. Hawakuambiwa kuwa umaskini wao utatazamwa na Wamarekani tu. Lakini wewe, msomaji, pima mwenyewe kama mtu aweza kuutumikia ukweli na serikali kwa wakati mmoja, na ungalifanya nini ukikalia kiti kile.

Murrow aliondoka katika kazi hiyo mwaka 1964 akiwa mgonjwa, akafariki kwa saratani ya mapafu tarehe 27 Aprili 1965. Ukipata nafasi ya kutazama kazi yake moja tu, usianze na ile ya McCarthy. Mtazame kwanza mzee Radulovich akisoma barua yake.