Uhakiki wa NTFS: Uimara na Upungufu Wake

Tumezoea katika kurasa hizi kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani. Safari hii naomba tuhakiki kitu kinachotuhifadhia kazi zote hizo: NTFS, yaani mfumo wa faili ambao kompyuta za Windows huutumia bila mtumiaji kuuchagua. Microsoft iliutoa mwaka 1993 pamoja na Windows NT 3.1, nao ukaenea majumbani na maofisini baada ya Windows XP kutoka mwaka 2001.

Ubora wake mkubwa ni daftari la ndani. Kabla ya kubadilisha orodha ya faili, mfumo huandika kwanza unachokusudia kufanya. Umeme ukikatika, kompyuta itakapowashwa hulisoma daftari hilo na kuikamilisha au kuitangua kazi iliyokwama. Sisi tunaoyajua makato ya umeme hatuwezi kulidharau jambo hili. FAT32 haikuwa na daftari, wala haikupokea faili moja yenye kufikia GB 4, kiasi ambacho video ya masimulizi ya wazee hukijaza upesi.

Aidha, majina ya faili huhifadhiwa kwa Yunikodi, hivyo mtafiti wa tenzi za hati za Kiarabu anaweza kuipa faili jina kwa hati hizo hizo. Lakini mwanafunzi atakayeiita insha yake "Fasihi ni Nini?" atakataliwa alama ya kuuliza. (Kwa haki, sharti hilo ni la Windows kuliko la NTFS yenyewe.)

Kasoro inayonikera zaidi ni kwamba daftari lile hulinda orodha, si maudhui. Sura ya tasnifu iliyokuwa ikihifadhiwa umeme ulipokatika yaweza kuharibika, na bado mfumo ukaona kila kitu ni shwari. Tena NTFS haikagui kama yaliyomo katika faili yamebadilika diskini kadiri miaka inavyopita. ZFS, iliyotolewa na Sun Microsystems mwaka 2005, hukipa kila kipande cha data namba ya kukihakiki kinaposomwa. Kwa NTFS, rekodi ya msimulizi aliyekwisha kufariki yaweza kuharibika kimya kimya, nasi tukainakili ile mbovu juu ya nakala nzima. Kwa idara inayotunza fasihi simulizi, hapa ndipo penye hatari. Nakala za zamani zisifutwe kabla ya mpya kusikilizwa.

Kuhusu ruhusa za faili, walimu wenzangu wasizitegemee mno. Ni kweli kwamba zinamzuia anayetumia kompyuta hiyo hiyo kwa akaunti nyingine asiufungue mtihani wako. Ukiunakili kwenye flashi ya FAT32, ruhusa hubaki nyuma. Na anayeichomoa diski na kuisoma kwa Linux hazimzuii hata kidogo, isipokuwa kama faili au diski yenyewe imefungwa kwa usimbaji.