Mtindi Kijiko kwa Kijiko

Jirani yangu mmoja hapa Tanga, mwalimu mstaafu, hupika kwa kitabu. Akitaka kupika rogan josh, ule mchuzi mwekundu wa nyama wa Kashmir, kwanza huketi. Huvuta kiti, huvaa miwani, hufungua kitabu ambacho jalada lake liling'oka zamani, na kuyasoma mapishi toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, mkaa haujawashwa. Akimaliza huyarudia. Ndipo huinuka na kupanga vibakuli mezani kwa mfuatano wa kuingia sufuriani: iliki, karafuu, pilipili manga na mdalasini mzima, vitunguu vilivyokatwa, tangawizi na thomu alizotwanga mwenyewe, giligilani na bizari nyembamba alizozikaanga bila mafuta na kuzisaga asubuhi, mtindi uliopigwa hadi ukawa laini. Akishapanga, hufunga kitabu na kukirudisha kabatini.

Wapo wanaomcheka. Pwani tunamdharau mpishi wa kitabu. Tumelelewa na akina mama wanaopima kwa jicho na kiganja, na tukimsifu mpishi husema ana mkono, tukimaanisha kipaji ambacho hakuna karatasi inayoweza kukibeba. Nakubali kwamba mkono upo. Lakini kumdharau anayesoma ni kutokujua kazi inayofanyika pale. Yule aliyezaliwa jikoni mwa mama yake amekula chakula kile mara elfu kabla hajakipika. Ulimi wake unajua kinakokwenda. Huyu mwalimu hajafika Kashmir, wala hajapata kuonjeshwa mchuzi huo na mtu wa huko. Anacho kitabu tu, na kwa maneno ya mtu asiyemjua inambidi atambue harufu ambayo hajawahi kuinusa. Huo nao ni ufundi, na ni mgumu.

Tazama anavyotia mtindi. Nyama imekwisha kubadilika rangi katika mafuta, vitunguu vimeiva, viungo vilivyosagwa vimeingia na kunukia. Mtu mwenye haraka angemwaga mtindi wote kwa mara moja, na papo hapo ungekatika: maji upande, mabonge meupe upande, na mchuzi wa namna hiyo hauunganiki tena. Kitabu kinaagiza mtindi utiwe kijiko kimoja, ukorogwe na kukaangwa hadi upotelee ndani ya viungo, kisha kijiko cha pili, kisha cha tatu, hadi uishe. Mwalimu hufuata hivyo hivyo. Hutia kijiko, huzungusha mwiko, huinama kidogo kusikiliza. Mtindi unapoingia, sufuria hunyamaza kwa sababu umeipoza. Baada ya muda mlio hurudi, kwanza mzito wa maji, halafu mwembamba wa mafuta, na rangi ambayo ilikuwa imefifia hukolea tena. Hapo tu ndipo mkono wake huenda kwenye bakuli.

Nimemtazama nikiwa nimeegemea mlango wa jiko lake, na sijaona hata siku moja akitia vijiko viwili kwa pamoja, hata wageni wakiwa wameshafika. Kila kijiko hupewa nafasi ya kukaangwa. Mwisho wake mtindi hauonekani tena. Umekuwa unene wa mchuzi, na pembeni mwa sufuria mafuta mekundu yameanza kujitenga. Kujitenga kwa mafuta ndiyo alama ambayo wapishi wa India Kaskazini huitazamia kuliko saa: maji ya viungo yamekauka, ubichi umetoka, sasa waweza kuongeza maji na kufunika. Ukiiruka alama hiyo, hakuna uchemshaji utakaokuokoa. Mchuzi utachemka saa nzima na bado utanuka giligilani mbichi.

Hata hivyo kitabu si cha kuaminiwa kwa kila jambo, na hapa ndipo msomaji mzuri anapojulikana. Vitabu vingi vya mapishi, vizuri na vibaya, husema vitunguu vikaangwe dakika tano au nane hadi viwe vya kahawia. Hakuna kitunguu kilichokatwa kikajaa sufuria kikawa cha kahawia kwa dakika nane bila kuungua. Karibu tisa ya kumi ya kitunguu ni maji. Maji hayo yakiwa bado yamo, joto la kitunguu haliwezi kupanda sana kupita lile la maji yanayochemka, na kwa joto hilo kitunguu hulainika tu, rangi haibadiliki. Lazima maji yatoke kwanza. Kazi hiyo huchukua nusu saa, pengine zaidi, moto wa wastani, mwiko haulali. Sijui ni kwa nini waandishi hawa, ambao bila shaka wamekaanga vitunguu maisha yao yote, huona haya kuwaambia wasomaji ukweli. Huenda wanaogopa kuwakimbiza. Mwalimu yeye ameandika kwa penseli pembeni mwa ukurasa: dakika thelathini. Na juu kidogo, pale kitabu kinaposema nyama ichemke saa moja, ameandika: mbuzi wetu, saa mbili.

Ukurasa ule ukiutazama utaona mazungumzo. Kitabu chenyewe ni kile cha Madhur Jaffrey kilichotoka mwaka 1982 pamoja na vipindi vyake vya mapishi katika televisheni ya BBC, kwa hiyo kiliandikwa kwa jiko la Uingereza, kwa kondoo laini wa bucha la huko. Kimesafiri hadi kwenye jiko la mkaa la Tanga na mbuzi aliyetembea. Mtu mwingine angesema mapishi haya hayafai. Mwalimu amekaa nayo na kuyajibu mstari kwa mstari, hadi mapishi ya mgeni yakakubali kukaa katika sufuria yake.

Na Jaffrey mwenyewe, aliyezaliwa Delhi mwaka 1933, alijifunza kupika kwa kusoma. Alipokwenda London miaka ya 1950 kusomea uigizaji hakujua kupika. Chakula alichokikuta huko kilimshinda, akamwandikia mama yake Delhi, na mama akawa anamjibu kwa barua zenye mapishi. Msichana akawa anasimama mbele ya jiko la ugenini na karatasi ya barua, akitafuta ladha ya nyumbani katika maneno machache ya mtu aliye mbali. Kitabu chake cha kwanza, An Invitation to Indian Cooking, kilitoka mwaka 1973. Kwangu mimi barua zile ndizo mama wa vitabu vyake vyote: mapishi huandikwa pale mtu anapoondoka. Aliyebaki nyumbani hahitaji kuandikiwa.

Ndivyo ilivyokuwa pia huko Madras. S. Meenakshi Ammal alitoa kitabu chake cha Kitamil, Samaithu Paar, mwaka 1951, na kikawa kitabu cha kufungiwa mabinti mizigoni wanapoolewa na kwenda mbali. Na kama mtu anadhani vitabu vya mapishi vililetwa India na Waingereza, atazame Ni'matnama, ulioandikwa kwa Kiajemi kwa ajili ya sultani wa Mandu takriban miaka mitano kabla na mitano baada ya mwaka 1500. Muswada huo uko British Library, London, na ndani yake zimo sambusa, zimeelezwa na kuchorwa, kabla Waingereza hawajaanza biashara yao India. Sambusa tunayoivunja Ramadhani ilikuwa na mwandishi wake tangu wakati huo.

Kuondoka kulikotugusa sisi zaidi ni kule kwa mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90. Wa Kenya na Tanzania nao wengi walihama miaka hiyo, wengine kwa hofu, wengine kwa kutafuta maisha. Waliondoka na vyakula ambavyo havikuwa vya Gujarat tena wala si vya Kiswahili kitupu. Kule Calgary, Kanada, Noorbanu Nimji, mzaliwa wa Nairobi, akaanza kuwafundisha wenzake na kisha kuandika. Vitabu vyake viitwavyo A Spicy Touch vilianza kutoka miaka ya 1980. Yasmin Alibhai-Brown, mzaliwa wa Kampala, akaandika The Settler's Cookbook huko Uingereza, maisha na mapishi katika kitabu kimoja. Leo mtoto aliyezaliwa Calgary, ambaye hajawahi kuona mnazi, anaweza kufungua ukurasa na kupika kuku paka kwa tui la nazi.

Sisi tuliobaki tulidhani hatuna haja ya kuandika. Jikoni mwa nyumba za Wahindi wa Tanga, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam walikuwamo wapishi wa Kiswahili waliokaa miaka ishirini, thelathini. Hao walijua kwamba haradali hutangulia kwenye mafuta ya moto na haifuatwi na kitu hadi iache kuruka; kwamba bizari nyembamba ikiingia una muda wa kupumua mara chache tu kabla haijaungua; kwamba uwatu ukipitiliza kidogo hutia uchungu dengu zote; kwamba mvuje hutiwa chembe, tena kwenye mafuta, kwa maana kwenye maji unabaki uvundo. Walijua kuzuia mtindi wa kadhi usikatike kwa kuukoroga na unga wa dengu. Ujuzi huo waliurudisha majumbani kwao, na ndio uliotufanya tuone biriani na chapati kuwa vyetu. Wengi wao wamekwisha kufa. Hakuna aliyewauliza, na wao hawakuwa na daftari.

Nafasi yao imeshikwa na pakiti. Ingia duka lolote, utaona zimepangwa: ya pilau, ya biriani, ya kuku, ya samaki. Ndani yake viungo vyote vimesagwa pamoja, vikakaa miezi ghalani, vikachanganywa na chumvi, na vyote huingia sufuriani kwa wakati mmoja. Jambo lililokuwa na hatua sita limekuwa na moja. Iliki iliyotakiwa kuingia nzima mwanzoni na unga wake kutiwa mwishoni imekufa katikati ya vumbi la manjano. Nasikia watu wakisema ladha ni ile ile. Ladha si ile ile, na wanaosema hivyo wengi ni wenye umri wa kukumbuka.

Na vijana wanaopenda kujifunza, maana wapo, hujifunza kwa video ya dakika moja. Simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, mafuta yanafuka moshi, kijana anarudisha video nyuma kwa kidole chenye unga ili aone kama thomu ilitangulia au ilifuata. Vitunguu katika video vilikatwa, na sekunde mbili baadaye vikawa vya kahawia. Ile nusu saa imekatwa na mhariri. Sisemi picha haifundishi. Picha inaonyesha rangi ambayo maandishi hayaiwezi. Ninachosikitikia ni kwamba imeondoa kule kuketi. Kitabu kilimlazimisha mtu ayaone mapishi yote kichwani mwake kabla ya kuwasha moto, ajue mwisho wake akiwa bado mwanzoni. Anayepika kwa kufukuzana na video haijui hatua ya nne hadi ya tatu imwishie mkononi.

Jambo jingine ambalo kitabu humfundisha msomaji mvumilivu ni kwamba hakuna chakula cha Kihindi kimoja. Rogan josh hiyo hiyo ina vitunguu na thomu katika kitabu cha Mwalimu, lakini Mapandit wa Kashmir, ambao ni Wahindu wanaokula nyama, huipika bila kitunguu wala thomu. Wao hutegemea mvuje, shamari na tangawizi kavu. Mwalimu amejaribu njia zote mbili. Ile ya Mapandit aliipata katika kitabu cha kuazima, akainakili kwa mkono kwenye daftari la shule, herufi zimesimama wima kama za ubaoni, na kiasi cha kila kitu kimetajwa kwa vijiko. Ameiandika kwa Kiswahili. Shamari, mvuje, tangawizi kavu: maneno yote yalikuwa yapo, yalikuwa yanasubiri mtu wa kuyatumia.

Basi wewe unayesoma haya, kama kwenu kuna mama, bibi, shangazi au mzee yeyote anayejua kupika vyakula hivi, mwendee Jumamosi hii na daftari, kalamu na mizani ndogo. Usimwulize anatia kiasi gani, atakwambia kiasi. Pima kopo la bizari kabla hajachota, lipime tena akishachota, kilichopungua ndicho kiasi chake. Tazama saa anapotia vitunguu na uitazame tena anapotia thomu. Mwulize anasikiliza nini, ananusa nini, na nini humfanya apunguze moto. Andika kwa Kiswahili, na juu ya ukurasa andika jina lake.