Harmonika ya Robert Plant: pumzi iliyofichwa nyuma ya sauti

Ukitaja Led Zeppelin, watu watakutajia gitaa la Jimmy Page, dramu za John Bonham na sauti ya Robert Plant inayopanda hadi masikio yanauma. Harmonika ya huyohuyo Plant hutajwa mwisho, tena kwa bahati. Wanamdhulumu. Ziko nyimbo za bendi hiyo ambazo zingebaki mifupa mitupu kama si chombo hicho cha kutia mfukoni.

Tuanze na chombo chenyewe. Harmonika ya bluzi ina matundu 10 na vilimi 20 vya chuma: kila tundu lina kimoja kinacholia ukipuliza na kingine kinacholia ukivuta pumzi. Wimbo ukiwa katika ufunguo wa E, mpigaji wa bluzi kwa kawaida hushika harmonika ya A, ili noti anazozihitaji zaidi ziangukie upande wa kuvuta. Sababu ni kwamba matundu ya chini hukunjika vizuri yanapovutwa. Chukua tundu la tatu. Ukivuta kawaida unapata mi ya wimbo, kama wanavyosema wanakwaya. Ukirudisha ulimi nyuma kidogo huku pumzi ikiendelea kuingia, vilimi viwili vya tundu hilo vinaanza kuathiriana, na sauti inashuka nusu toni. Ukizidi kukaza, inashuka nusu ya pili, hata ya tatu. Ile mi iliyoshuka nusu ndiyo kilio chenyewe cha bluzi. Kuigusa kila mtu anaweza. Kazi ni kuishikilia palepale isiteleze.

Hapo mwimbaji ana faida. Kuimba kunamaliza pumzi, kuvuta harmonika kunairudisha. Mstari ukiisha, kifua kinadai hewa, na hewa hiyo ikipitia kwenye harmonika inakuwa jibu la mstari uleule. Plant alilielewa hilo mapema. Katika "Bring It On Home", kwenye albamu ya pili ya 1969, anaufuata kwa karibu sana wimbo wa Willie Dixon kama alivyourekodi Sonny Boy Williamson wa pili kwa kampuni ya Chess ya Chicago mwaka 1963. Anaimba kwa sauti ya chini, kama mzee anayenong'ona, kisha harmonika inadakia kwa vipande vifupi. Sehemu hiyo ya harmonika ilirekodiwa katika studio ndogo huko Vancouver, bendi ikiwa ziarani, lakini ukisikiliza unaamini ni kifua kimoja kinachoingiza na kutoa.

Mwaka mmoja kabla, akiwa na miaka 20 tu, alikuwa ameshatiwa kwenye mtihani mgumu zaidi. Katika "You Shook Me" wapigaji wanapokezana: kwanza kinanda cha John Paul Jones, kisha harmonika, kisha gitaa la Page. Wenzake hao wawili walikuwa wazoefu wa studio za London, nao wanajaza nafasi zao kwa noti nyingi. Plant katikati yao hashindani. Anavuta ndefu, anaikunja, anaiacha ife.

Kilele chake ni "When the Levee Breaks" ya 1971. Wimbo asilia ni wa Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie, waliourekodi mwaka 1929 kuhusu mafuriko makubwa ya mto Mississippi ya 1927. Bendi iliupiga katika jumba la Headley Grange, Hampshire, dramu zikiwa ukumbini chini ya ngazi na maikrofoni zikining'inia juu yake. Uimbaji haujaanza mpaka zaidi ya dakika moja ipite, na muda huo wote harmonika ndiyo inayoongoza maombolezo. Muziki ulirekodiwa kwa kasi kubwa zaidi, kisha utepe ukapunguzwa mwendo, ndiyo maana kila kitu ni kizito. Juu ya hayo harmonika iliwekewa mwangwi wa kinyume: utepe unageuzwa, mwangwi unarekodiwa, utepe unarudishwa, na sasa mwangwi unatangulia sauti iliyouzaa. Noti inafika ikiwa imejaa tayari, kama maji yanayoanza kuvuja kabla ukuta haujavunjika.

Kwa sababu hiyo sifa zote humwendea Page, aliyekuwa prodyuza. Anazistahili, ila si zote. Utepe ukienda polepole, kila dosari ya mpigaji inarefuka nao. Noti ikiyumba, mwangwi unautangaza mtikisiko huo kabla hata noti yenyewe haijaingia. Mitambo ile ingemwumbua mpigaji asiye na pumzi imara. Ya Plant ilihimili.

Katika "Nobody's Fault but Mine" ya 1976 anageuka kabisa. Sauti ya harmonika imekwaruzwa makusudi, misemo ni mifupi na ya ghadhabu, nayo inaingia pale ambapo msikilizaji alitarajia gitaa. Gitaa linasubiri zamu yake.

Ukimweka kando ya Little Walter, bingwa wa harmonika ya bluzi, Plant ana msamiati mdogo, na misemo kadhaa huirudia. Lakini kila wimbo aliupa kile ulichohitaji na kuacha. Anayetaka kumpima auweke "Levee" kwenye spika nzuri, asahau dramu, aifuate harmonika peke yake mwanzo hadi mwisho. Ni dakika saba za mwimbaji anayejua kunyamaza na bado akasikika.