Soketi Iliyogoma

Ukifungua boneti ya Probox yenye injini ya 1NZ-FE na kutoa kifuniko cha plastiki, utaona koili nne zimepangana juu ya injini, kila moja na soketi yake ndogo ya waya nne. Ikiwa mpya, kuichomoa ni kazi ya vidole viwili. Ikishapikwa na joto la injini kwa miaka, mambo hugeuka: plastiki hukauka, vumbi hujazana chini ya ulimi wa kufungia, na ule mpira wa ndani wa kuzuia maji hung'ang'ania kama ruba.

Mwenye gari anayejitengenezea nyumbani hushika waya, akavuta. Waya hukatikia ndani, kwenye pini, mahali pasipoonekana. Gari lililokuwa na ugonjwa mmoja sasa lina mawili.

Fundi umeme mzoefu huanza kinyume: huisukuma soketi ndani. Anayemtazama anaweza kudhani amechanganyikiwa, lakini sababu ipo. Ulimi wa soketi umenasa kwenye nundu ndogo ya plastiki, na kila unapovuta, jino lake huzidi kujikaza pale pale. Hata ukibonyeza, haliinuki. Ukisukuma kidogo, jino hupumua. Hapo ndipo kidole gumba hubonyeza, na mkono mwingine, ukiwa umeshika gamba la plastiki, huitikisa soketi kushoto na kulia mpaka mpira uachie. Injini yenye uvuguvugu husaidia, kwa kuwa plastiki iliyopoa kabisa huvunjika upesi zaidi.

Waliozibuni soketi hizi hawakuwa wakorofi. Gari hutikisika tangu linapowashwa mpaka linapozimwa, na soketi inayotoka kirahisi ingezimisha injini katikati ya barabara. Ndiyo maana baadhi zina kufuli la pili, kijipande chekundu au cha manjano ambacho lazima kisogezwe kwanza. Magari mengi ya Ulaya ya miaka ya 1980 hayana hata ulimi kwenye soketi za nozeli. Yana kibanio cha waya wa chuma, na asiyekijua hubaki akibonyeza plastiki bure.

Uhodari wenyewe huonekana pale soketi inapojificha nyuma ya injini. Fundi hupenyeza simu, akapiga picha ajue ulimi umeelekea wapi, kisha huiweka kando na kuviachia vidole kazi ya macho.

Soketi za manjano chini ya usukani hazina mzaha hata kidogo, kwani ni za mifuko ya hewa. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinaagiza swichi izimwe, waya hasi wa betri utolewe, na fundi asubiri angalau sekunde 90 kabla ya kuzigusa.

Na ulimi ukivunjika? Wengine hufunga kwa kamba ya plastiki, na gari likatembea. Fundi makini humtuma mwenye gari Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, akatafute soketi iliyotolewa kwenye gari kuukuu pamoja na kipande cha waya wake. Huunga waya mmoja mmoja akifuata nafasi ya kila pini, maana rangi hudanganya, kisha husukuma mpaka isikike "ta!", akaivuta kidogo kuhakikisha imeshika.