Kuitika na Kujibu: Uhakiki wa Maneno ya Kadi za Arusi, kwa Mfano wa Ndabibi

Wahakiki wetu wamezoea kushughulika na tenzi, riwaya na tamthilia, na aghalabu huziacha tungo ndogondogo za maisha ya kila siku zipite bila ya kutazamwa. Kadi ya arusi ni mojawapo ya tungo hizo. Watu ambao hawatatunga ubeti hata mmoja maishani mwao hukaa jioni nzima, kamati ikiwa imekusanyika na chai ikipoa, wakibishana juu ya neno moja tu la kadi. Kadi hiyo ina fani na ina maudhui. Ina msemaji na msemeshwa. Na ikikosewa, makosa yake hudumu kuliko yale ya shairi baya, kwa sababu shairi baya halimfanyi jirani akatae kusalimu. Makala haya yanashughulikia sehemu moja tu ya utungo huo, nayo ni ile kadi ndogo inayotiwa ndani ya bahasha ya mwaliko ili mwalikwa airudishe akieleza kama atakuja au hatakuja. Hoja yetu ni kwamba kadi hiyo, kama inavyoandikwa sasa katika Kiswahili, imejengwa juu ya kitenzi kisichofaa.

Mfano wetu ni Ndabibi, upande wa magharibi wa Ziwa Naivasha, chini ya milima ya Eburru. Tumeuchagua kwa sababu pale Kiswahili hakizungumzwi kwa ajili ya mapambo. Wapo wakulima wa Kikuyu, wafugaji wa Kimaasai, familia za Kikalenjin, na watu wa makabila mengine walioletwa na kazi za mashamba ya maua yaliyozunguka ziwa. Kila nyumba ina lugha yake ya ndani, na Kiswahili ndicho lugha ya uani, ya njiani na ya jirani. Kwa hiyo mwenye arusi anayetaka kadi yake isomwe na wote hana budi kuiandika kwa Kiswahili, ingawa kwa kweli kadi nyingi za bara la Kenya bado huchapwa kwa Kiingereza, hata pale ambapo ibada na hotuba zitakuwa za Kiswahili toka mwanzo hadi mwisho.

Tena Ndabibi ni mahali ambapo mwaliko si jambo jepesi. Mwaka 1993 maelfu ya watu walifukuzwa Enoosupukia, na wengi wao wakapiga kambi Maela, si mbali na hapo. Mwezi wa Januari 2008 mji wa Naivasha nao ukaona mauaji ya jirani kwa jirani. Baada ya mambo kama hayo, kumwalika mtu wa nyumba nyingine kwenye arusi ya mtoto ni tendo zito, na jinsi anavyoitikia ni zito vivyo hivyo. Alama iliyotiwa kwenye kisanduku cha “sitahudhuria” haisomwi kama taarifa ya kumsaidia mpishi. Husomwa na baba, na mama, na shangazi, kisha huwekwa.

Sasa tuitazame kadi yenyewe. Zile herufi nne za R.S.V.P., ambazo Waingereza walizipata kwa Wafaransa, ni ufupisho wa sentensi ya ombi yenye adabu za Kifaransa. Zilipoingia katika kadi zetu zilizaa mambo mawili. Tanzania, ambako kadi za Kiswahili zina mazoea marefu kuliko kwetu, mara nyingi huandikwa chini ya mwaliko “Majibu kwa”, kisha nambari za simu hufuata. Anayetaka kadi kamili ya kurudisha huandika “Tafadhali jibu kabla ya tarehe fulani”, na chini yake visanduku viwili: “Nitahudhuria” na “Sitahudhuria”. Hakuna kosa la sarufi hapo. Mwalimu akisahihisha ataipa alama zote. Lakini msomaji mwenye umri hushtuka kidogo anapoisoma, na kazi ya mhakiki ni kueleza kwa nini anashtuka.

Neno la kwanza la kutiliwa shaka ni “jibu” lenyewe. Katika Kiswahili kinachojibiwa ni swali, hoja, au shtaka. Mwanafunzi hujibu maswali yote. Mshtakiwa hujibu mashtaka. Na mtoto anayejibujibu wazazi wake hasifiwi. Amri fupi “jibu”, hata ikitanguliwa na “tafadhali”, ni sauti ya karatasi ya mtihani. Kumwandikia hivyo mzee aliyekuwepo wakati bwana arusi akipewa jina ni kumweka dawatini. “Tafadhali” hailiondoi jambo hilo, kwa kuwa upole wa Kiswahili haukai katika neno moja linalobandikwa mbele ya amri. Hukaa katika umbo la kitenzi. “Mtujulishe”, “twaomba mtupe habari”: hapo ile irabu ya mwisho hufanya kazi ambayo “tafadhali” kumi haziwezi kuifanya, na kiambishi cha wingi kinaisemesha nyumba nzima, jambo ambalo ndilo kweli ya mwaliko wa Ndabibi. Haalikwi mtu, hualikwa nyumba ya Mama Fulani.

Mwaliko basi ni nini, ikiwa si swali? Ni wito. Na wito haujibiwi, huitikwa. Tofauti ya vitenzi hivi viwili wasemaji wote wanaijua, japo ni wachache wanaoulizwa. Mtu akiitwa kwa jina akiwa shambani huitika “naam”. Pwani wengine watasema “labeka” au “abee”. Aliyeitika hajakubali jambo lolote bado. Hajasema ndiyo wala la. Amesema tu kwamba amesikia, yupo, na anamtambua anayeita. Ndipo shauri hufuata. Methali inasema wazi: usikatae wito, kataa neno. Yaani, Kiswahili kinatenganisha mambo mawili ambayo kadi ya visanduku inayachanganya. Mtu anaweza kulikataa neno, akashindwa kabisa kufika siku ile, na bado akawa ameuitikia wito kwa heshima zote. Kadi ya visanduku inamnyima nafasi hiyo. Haina mahali pa kuitika. Inamrukisha mwalikwa moja kwa moja hadi kwenye neno, kisha inamtaka alikubali au alikatae kwa kalamu.

Visanduku vyenyewe vina matatizo yao. “Kuhudhuria” ni kitenzi cha mikutano, madarasa na mahakama. Kinaandamana na daftari la mahudhurio. Kwenye arusi watu hufika, huja, hushiriki, husherehekea. Hilo ni dogo. La pili ni wakati ujao ulio mtupu. Wasemaji wengi wa Kiswahili, Waislamu kwa Wakristo, hawapendi kusema “nitafika” na kunyamaza. Husema inshallah, Mungu akipenda, tukijaliwa. Wenye haraka husema haya ni maneno ya kukwepa. La hasha. Ni mipaka ya uwezo wa binadamu inayotamkwa hadharani, na asiyeitamka huonekana mwenye majivuno. Kisanduku hakina “tukijaliwa”. Kinadai ahadi ambayo mwalikwa mwadilifu anaogopa kuitoa, na ndiyo maana, nadhani, kadi nyingi hazirudi. Wenye arusi hulaumu uzembe, kumbe pengine ni uchaji.

La tatu ni kanusho. Katika nafsi ya kwanza umoja, Kiswahili huweka alama ya kukanusha mwanzoni kabisa mwa neno: si-ta-hudhuria. Kabla msomaji hajajua ni tendo gani linalozungumzwa, kisha pigwa na “si”. Katika mazungumzo, mlango huo hufunguliwa polepole: kwanza salamu, kisha shukrani, kisha habari za mgonjwa au safari au karo, na mwisho msikilizaji mwenyewe ndiye anayesema, “Basi, tumekuelewa.” Mkanushaji halazimiki kukanusha. Kadi imelivua neno nguo zote hizo na kulisimamisha peke yake katika mraba.

Wako wanaojaribu njia nyingine ya Kiingereza, ile ya kumtaka ajibu yule tu asiyekuja, na tafsiri inayowajia upesi ni “majuto”. Tafsiri hiyo haifai hata kujadiliwa kwa urefu. Majuto ni ya mtu aliyetenda kosa akalijua baadaye. Majuto ni mjukuu. Mwalikwa aliyelazwa hospitali ya Naivasha hana la kujutia.

Neno linalofaa tunalo, nalo ni “udhuru”. Uzuri wake ni kwamba hutumika katika sentensi isiyokanusha: “tuna udhuru”, “tumepata udhuru”. Mtu hasemi hatakuja. Anasema alicho nacho. Na udhuru kwa desturi haupelekwi mtupu. Huandamana na mwakilishi au na mchango. Hapa tunafika kwenye jambo ambalo watungaji wa kadi hawalitazami kabisa. Nyumba isiyoweza kufika humtuma kijana wake, au shangazi, au angalau hutuma fedha. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, ujumbe wa fedha zilizopokelewa umekuwa mojawapo ya njia zinazoeleweka sana za kuuitikia mwaliko, pengine bila ya neno hata moja, pengine na maneno mawili tu: “Tuko pamoja.” Mhakiki asiidharau sentensi hiyo. Mahali palipoonja kutengana, “tuko pamoja” ina uzito ambao “nitahudhuria” haina, hata kama msemaji hatakuwepo.

Lakini hapo pana hatari pia. Fedha ikishakuwa ndiyo itiko pekee, asiyekuwa nazo hunyamaza, na kunyamaza kwake huhesabiwa kuwa chuki. Tanzania wanayo kadi ya mchango, ambayo mtu huombwa airudishe pamoja na kiasi chake kabla ya kupewa kadi ya kuingilia sherehe. Na kadi hiyo ya kuingilia huonyesha kama ni ya mtu mmoja au wawili. Utaratibu huo una uwazi wake, wala sitaki kuulaani. Ila ukiletwa Ndabibi utamfungia nje kibarua wa shambani kwa kumnyima hata neno la kuandika. Kadi ya kurudisha, ikiandikwa vyema, ndiyo njia ya asiye na kitu kuitika bila kulipa.

Mtu atasema: haya yote ni mazuri, lakini mpishi anataka hesabu. Ni kweli. Arusi ya nyumbani, yenye sufuria za pilau na mukimo, huwalisha hata wapita njia, na hakuna anayeuliza. Lakini watoto wengine wa Ndabibi hufanyia karamu katika hoteli za kandokando ya ziwa, ambako sahani hulipiwa moja moja. Hapo idadi lazima ijulikane. Swali ni jinsi ya kuiuliza. Wazee wengi wa Kikuyu na wa Kimaasai hawapendi watu wa nyumba yao, hasa watoto, wahesabiwe kwa nambari, na kadi inayouliza “Mtakuwa watu wangapi?” inawakwaza bila sababu. Iulize viti. “Tuwatengee viti vingapi?” Mpishi atapata nambari yake, na hakuna kichwa kilichohesabiwa.

Kwa watu wa pwani mengi ya haya yatakuwa kama kuwafundisha samaki kuogelea. Lamu, Mombasa na Unguja, arusi za wanawake zimealikwa kwa mdomo tangu zamani, na mwanamke aliyetumwa huenda nyumba kwa nyumba. Anapokewa, anakaribishwa, anaambiwa inshallah, naye anajua kutokana na sauti ni inshallah ya namna gani. Karatasi haina sikio hilo. Wanaotaka tuitupe kadi na kurudia mjumbe wana hoja, lakini wanasahau kwamba mjumbe wa Unguja hutembea mitaa michache, ilhali jamaa wa Ndabibi wametawanyika Nakuru, Narok, Nairobi na ng'ambo. Kadi itabaki. Na isemeshwe basi kama mjumbe.

Napendekeza upande wa mwaliko umalizike hivi: “Twaomba mtuitikie kabla ya tarehe ____, ili tuwatengee nafasi.” Na kadi ya kurudisha isomeke: “Wito wenu umetufikia, nasi twashukuru na kuwatakia heri. Tukijaliwa tutafika; mtutengee viti ____. / Tuna udhuru siku hiyo. Atakayetuwakilisha ni ____. / Tuna udhuru, lakini tuko pamoja nanyi. Ni sisi, nyumba ya ____.” Sentensi ya kwanza haina kisanduku. Kila mwalikwa anaituma, awe anakuja au haji, na hivyo hakuna kadi itakayorudi ikiwa na kukataa peke yake. Wengine wataona mistari mitatu ni mingi kwa kadi ndogo. Waipunguze mistari ya mahali pa hoteli na rangi za nguo, ambayo siku hizi inachukua nusu ya karatasi.

Limebaki jambo la bahasha. Kadi ya Ulaya hurudi kwa stempu, ikaletwa mlangoni. Kenya barua huishia kwenye sanduku la posta, na kadi ya Ndabibi kwa kawaida itarudi mkononi mwa mtoto, au wa dereva wa matatu, au wa mtu anayeonana na familia kanisani Jumapili. Maana yake ni kwamba itasomwa njiani. Huu ni utungo wenye hadhira tatu, na maneno yake sharti yaweze kupita mbele ya macho ya mletaji bila kumwaibisha aliyeandika wala anayeandikiwa; na pale chini, penye nafasi, paachwe mstari wa jina la mletaji, kwa kuwa yamkini naye atahitaji kiti.